Samaki Waliotazama Ukuta

Mwanamke huyu alikuwa mjalidi wa vitabu. Kutwa alishona kurasa, akapaka gundi na kuvika majalada katika kiwanda cha uchapaji ambamo mashine zilinguruma hivi kwamba wenzake walirudi makwao masikio yakiwavuma. Yake hayakuvuma. Homa ya utotoni ilimwachia uhai ikaondoka na usikivu, na tangu hapo dunia kwake ikawa kitu cha kutazamwa na kupapaswa.

Mumewe alikuwa fundi redio. Watu hawakuacha kulitania jambo hilo, na aliyewaongoza wote kwa utani alikuwa wifi yake, dada wa huyo mume, msusi mwenye saluni kwenye ghorofa ya chini ya jengo walimoishi.

"Mmoja kapewa masikio ya watu wawili," wifi alikuwa akisema, mikono ikienda mbio kwa lugha ya ishara huku mdomo nao haupumziki, "mwingine hakuachiwa hata la dawa. Na bado huyu asiyesikia ndiye anayejua nani kapita kwenye ngazi!"

Ilikuwa kweli. Nyayo za watu alizipata kwa nyayo zake mwenyewe, sakafuni.

Yeye na mumewe walizungumza kwa mikono. Sauti yake aliitumia kwa neno moja tu, tena nyumbani, pale alipomhitaji mumewe naye yuko chumba kingine asikoweza kuiona mikono. "Njoo." Neno lilitoka nene na refu, likipanda mwishoni, na mumewe alisema angelitambua hata sokoni katikati ya wauza mitumba.

Sebuleni kwao, ghorofa ya tatu, tangi la samaki lilikaa limeegemea ukuta. Urefu wake ulikuwa kama wa meza ya kulia chakula. Mjalidi alilijenga kwa subira ya kazi yake: kwanza udongo na changarawe, kisha mimea, kisha maji matupu yaliyokaa majuma bila hata samaki mmoja mpaka yakomae, huku wifi yake akipita na kuuliza wale samaki wa kufikirika wanaendeleaje. Alipowaingiza samaki aliwachagua kama mtu anayepanga wapangaji wasiogombana. Chini kabisa aliwaweka kambare wadogo wenye masharubu, wanaopekua mchanga mchana kutwa. Katikati likapita kundi la samaki wembamba wenye mstari wa buluu unaowaka kama waya wa taa. Juu, chini kidogo ya uso wa maji, wakakaa samaki bapa wenye kifua kilichochongoka, ambao hawakujua kabisa kama dunia ina sakafu. Ndani ya majani walijificha kamba wadogo, wangavu hata matumbo yao yakaonekana. Kila kundi lilikuwa na ghorofa yake, na mjalidi alizihudumia zote: alipunguza majani marefu kwa mkasi, akaokota yaliyooza, akayaacha maji ya bomba yalale ndooni kabla ya kuyamimina, na chakula akakipima kwa ncha za vidole, kwa sababu samaki wengi wa nyumbani huuawa na ukarimu.

Alasiri moja alirudi kutoka kazini, akaweka mkoba chini, akawasha taa ya tangi, akasimama hapo hapo.

Samaki wote walikuwa kwenye kona moja ya nyuma. Wote. Kambare walikuwa wameinuka kutoka mchangani, samaki bapa wameshuka kutoka juu, wale wa mstari wa buluu wamejipanga katikati yao, na vichwa vyote vimeelekea ukutani. Hawakuogelea. Walining'inia tu, mapezi yakitetemeka. Kamba nao walikuwa wametoka majanini, wamekwea kioo cha nyuma kwenye kona ile ile, vipapasio vyao vimenyooka mbele.

Alidhani maji yameharibika. Alichungulia mashavu yao kama wanahema kwa shida, hapana. Akagusa maji, hayakuwa ya baridi wala ya moto. Akatazama pampu, ilisukuma kama kawaida, majani marefu yakiinama upande wake wa siku zote. Akatupia chembe za chakula. Zikateremka mbele ya pua zao, hakuna aliyegeuka.

Kisha, kana kwamba mwalimu ametoa ruhusa, walitawanyika. Kambare wakarudi mchangani, samaki bapa wakapanda juu. Wakaanza kula.

Kesho yake, alasiri, ilikuwa vile vile. Na siku iliyofuata. Alibadilisha sehemu ya maji. Alibandika karatasi nyeusi nyuma ya kioo, akidhani labda wanaona vivuli vyao wenyewe. Samaki wakaikabili karatasi nyeusi kama walivyoukabili ukuta. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo angelifanya mapema lau asingekuwa na hofu: aliweka kiganja kwenye kioo, mahali pale pale walipoelekea.

Kulikuwa na mtu anagonga.

Ndivyo kiganja kilivyomwambia. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya. Iliendelea hivyo kwa muda, ikisogea, kama mtu anayetembea mlango kwa mlango. Halafu ikaja mara moja peke yake, na baada ya hapo hakukuwa na kitu. Samaki wakatawanyika.

Mumewe aliporudi alimvuta mkono mpaka mbele ya tangi.

"Mtu anagonga upande wa pili," alimwambia kwa mikono.

"Upande wa pili hakuna mtu. Nyumba ile imefungwa tangu tuhamie."

"Basi sikiliza kesho."

Kesho yake fundi redio aliwahi kurudi. Alizima pampu, akazima friji, akatega sikio ukutani mpaka shavu likapata chokaa. Samaki walikuwa wamekusanyika. Mkewe, kiganja kiooni, alimhesabia kwa vidole vya mkono wa pili: moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu. Mume akatikisa kichwa.

"Sisikii kitu."

"Weka mkono."

Aliweka. Vidole vyake vilikuwa vimezoea chuma cha kulehemu, ngozi ngumu kama ya kisigino. Hakupata kitu. Lakini aliwatazama wale samaki, akatazama uso wa mkewe, akashuka ngazi kumtafuta msimamizi wa jengo.

Msimamizi alikuwa mtu wa maneno mengi na funguo nyingi. Alipanda akicheka. "Fundi, mkeo anasikia vitu, wewe husikii. Leo mmebadilishana zamu?" Akajaribu funguo mpaka mmoja ukakubali, akasukuma mlango wa nyumba ya jirani.

Wote watatu walisimama kizingitini. Sebule ilikuwa tupu. Vumbi lilikuwa limetanda sakafuni, vumbi la miaka, na halikuwa na alama ya unyayo hata mmoja. Ila halikuwa limetanda sawa. Lilikuwa limejipanga. Mistari myembamba iliyopinda, duara ndani ya duara, ikianzia ukutani na kusambaa chumba kizima, kama mchanga wa mtoni unavyoachwa na maji. Na katikati ya duara ndogo kabisa, ukutani, ulipanda ufa mwembamba kama uzi kutoka sakafuni hadi darini. Mjalidi alipima kwa macho. Nyuma ya ufa ule ndipo samaki wake walipokuwa wakitazama.

Msimamizi aliacha kucheka. "Vumbi tu," alisema. "Upepo huo." Madirisha yalikuwa yamefungwa. "Ufa nitamwambia mwenye jengo, watakuja kupiga lipu." Akafunga mlango upesi kuliko alivyoufungua.

Walipokuwa wakishuka kumweleza wifi, walimkuta akipangusa vioo vya saluni na kufoka. Duka la pembeni yake lilikuwa likipanuliwa, ukuta wa ndani umebomolewa ili bidhaa zionekane tangu barabarani, na vumbi la matofali lilikuwa likiingia kwenye mafuta ya nywele. "Wateja wangu wanatoka hapa wana mvi ambazo hawakuja nazo!" alisema. Wakacheka. Hakuna aliyeunganisha hili na lile.

Siku iliyofuata mjalidi alikuwa kazini. Fundi redio alibaki nyumbani, akabandika kipaza sauti kidogo kwenye kioo cha tangi, akakiunganisha na kompyuta yake. Alimweleza mkewe baadaye namna yake: kuna sauti zilizo chini mno, sikio haliwezi kuzishika, lakini ukizirekodi kisha ukaziharakisha, hupanda mpaka mahali sikio linapofika. Alimweleza hayo yote. Kilichosikika ndicho ambacho hakumweleza.

Mjalidi aliporudi alimkuta ameketi kwenye kiti cha mbali kabisa na tangi. Kompyuta ilikuwa imefungwa. Uso wake ulikuwa umesawijika.

"Umepata?"

"Mabomba," alijibu. "Maji yanapita kwenye mabomba ya zamani."

"Mabomba yanagonga mara tatu tatu?"

"Ndiyo. Mabomba."

Mjalidi alikuwa amesoma mikono ya mume huyu kwa miaka mingi, na mikono nayo hupata kigugumizi. "Niwekee, nimwite wifi asikilize," alisema.

"Nimeshaifuta."

Tangu siku hiyo mwanamume alibadilika. Alihamisha kitanda kutoka ukuta ule. Akaanza kusema wahame, ngazi zimemchosha magoti, ilhali alikuwa akizipanda mbili mbili. Na kila mkewe alipoita "Njoo" kutoka jikoni, hakuja mara moja kama zamani. Alijitokeza polepole mlangoni, akamtazama mdomo, kama mtu anayehakikisha sauti imetoka wapi.

"Kaka yako ana mwanamke?" mjalidi alimuuliza wifi yake siku moja saluni.

"Nani amtake? Ananuka risasi ya kulehemu," wifi alijibu, lakini naye hakutabasamu. "Ana kitu. Jana alikaa hapa anakodolea dari. Nikamuuliza, kaka, unatafuta nini? Akaniuliza hivi mimi nikiwa hapa huwa namsikia mke wake akiita huko juu. Nikamwambia wifi yuko ghorofa ya tatu, mimi niko hapa na mashine zangu za kukausha nywele, nitamsikiaje? Akarudi kukodolea dari."

Mafundi walikuja, wakaupiga lipu ufa wa nyumba ya jirani. Samaki hawakujali lipu. Kila alasiri walikusanyika, kila alasiri kiganja cha mjalidi kilipokea ujumbe ule ule: tatu, kimya, tatu, kimya, mwisho moja. Alianza kuchukia kugusa kioo na bado hakuweza kuacha. Ilikuwa kama kusimama nje ya mlango wa watu wanaokuzungumzia.

Halafu ikafika siku ambayo kiwanda kilikatikiwa umeme na wafanyakazi wakaruhusiwa mapema. Mjalidi alipanda ngazi mchana, jua likiwa bado kali. Mumewe alikuwa saluni kwa dada yake, akitengeneza mashine ya kukausha nywele. Walipungiana mkono dirishani.

Alipofungua mlango alitazama tangi kwanza, kama ilivyokuwa desturi yake. Kona ile ilikuwa tupu.

Samaki walikuwa upande wa pili kabisa, mbali na ukuta wenye ufa, wamelundikana mmoja juu ya mwingine kama takataka zilizosukumwa na mkondo. Kambare walikuwa wakijigonga kwenye kioo. Samaki bapa waliruka, wakapiga kifuniko, wakaanguka, wakaruka tena. Lakini hilo silo lililomshtua. Jicho lake lilikuwa limezoea kuona ukurasa uliokatwa upande kwa upana wa unywele, na sasa lilikwenda lenyewe kwenye mstari wa maji. Upande wa ukuta wenye ufa maji yaligusa kifuniko. Upande wa samaki yalikuwa yameshuka chini ya ukingo, upana wa vidole viwili. Alitazama meza ya tangi. Miguu yake haikuwa imesogea. Maji yalikuwa yamekaa sawa kama maji yanavyokaa. Nyumba ndiyo iliyokuwa imelala upande.

Hakuchukua kitu. Alitoka akapanda kwanza ghorofa ya juu, kwa sababu wa juu ndio wenye njia ndefu. Akagonga mlango wa kwanza kwa ngumi, mara tatu, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfungulia mtu kwa kugongewa tu mchana wa joto, alifungua mdomo akaita neno pekee alilokuwa nalo.

"Njoo!"

Wapangaji walikuwa wameishi naye miaka bila kumsikia hata akikohoa. Sauti ile nene na ndefu, isiyofanana na za watu, iliwatoa nje wakiwa na vijiko mikononi na sabuni kichwani. Aliwaonyesha ngazi. Akavuta mzee mmoja kwa mkono wa shati. Mlango wa pili: ngumi tatu, "Njoo!" Akashuka ghorofa yake: ngumi tatu, "Njoo!" Watu walianza kumiminika wakiulizana kuna moto wapi.

Huko chini, wifi alisimulia baadaye, fundi redio aliinua kichwa sauti ya kwanza ilipofika. Bisibisi ikamponyoka. "Nilidhani amepigwa shoti," wifi alisema. "Alisimama pale midomo ikitembea, kama mtu anayefuata wimbo anaoujua. Halafu akaniambia toa watu wako wote nje, sasa hivi, na mwenyewe akapanda ngazi mbio akiwapangua wanaoshuka."

Alimkuta mkewe ghorofa ya pili, mbele ya mlango wa mwisho. Hapo alikaa muuguzi aliyefanya kazi usiku na kulala mchana. Mjalidi aliinua ngumi, akapiga mara moja. Ngumi ya pili haikufika. Mumewe alimkumba kiunoni, akambeba kama gunia. Mkewe alimpiga mgongoni, akamng'ata bega, akiuelekeza mkono kwenye ule mlango, mume hakugeuka. Walipovuka barabara alimwangusha chini na kumlalia.

Mjalidi hakusikia kishindo. Alikipata kifuani, kupitia ardhi, na alipoinua macho upande mmoja wa jengo haukuwapo tena. Palikuwa na wingu la vumbi, na ndani yake, juu hewani, pazia la jikoni la mtu fulani likipepea.

Waokoaji walipofika, wapangaji waliitana mmoja mmoja. Wa ghorofa ya juu walikuwapo. Wa ghorofa ya tatu walikuwapo. Msimamizi, aliyekuwa ameketi barabarani kichwa mikononi, alisema muuguzi amebadilishiwa zamu, hayumo, alimwona akitoka asubuhi. Kiongozi wa waokoaji alitazama sehemu ya jengo iliyobaki imesimama, ikiwa imeinama juu ya kifusi, akasema hatawaweka watu wake chini ya ukuta ule kumtafuta mtu asiyekuwapo.

"Yumo," alisema fundi redio.

"Umejuaje?"

"Yumo. Atagonga."

"Bwana, nakuuliza umejuaje?"

Fundi redio alimgeukia mkewe, na pale barabarani, mbele ya watu wote ambao wengi wao hawakuelewa ishara hata moja, mikono yake ikasema yote.

Alisema rekodi hakuifuta. Alipoiharakisha alisikia mtu akigonga milango, mara tatu tatu, na baada ya kila mlango sauti ikiita njoo. Sauti ilikuwa yake yeye, mke wake. Alisikia nyayo zake zikishuka ngazi. Kisha ngumi moja peke yake, kisha kishindo kilichomfanya ang'oe vifaa vya masikioni. Na alipovirudisha masikioni, baada ya kimya kirefu, kulikuwa na kitu kingine kidogo mno, kama kucha juu ya saruji. Kilikuwa kinagonga kutokea chini.

"Nilidhani ni wewe," mikono ilisema. "Nilidhani ni wewe uliye chini."

Mjalidi alimtazama. Wifi, aliyekuwa akielewa kila ishara, alikuwa amejishika mdomo kwa mikono miwili, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kisha mjalidi alivuka kamba waliyoifunga waokoaji, akapanda kifusi, akalala kifudifudi juu ya kipande cha sakafu kilichovunjika, kiganja na shavu vimegusa saruji. Mtu mmoja alitaka kumfuata amtoe. Kiongozi wa waokoaji akamzuia, sijui kwa nini, labda kwa namna alivyolala pale kama mtu aliyeweka kichwa juu ya kifua cha mgonjwa. Akahamia kipande kingine. Na kingine. Jua lilikuwa limeanza kushuka alipoinua mkono mmoja na kuonyesha chini, na kwa mkono wa pili akawahesabia kwa vidole: moja. Moja. Moja.

Walichimba hapo. Walimtoa muuguzi akiwa mzima, mguu umevunjika, uso mweupe kwa vumbi. Alikuwa amerudi kabla ya adhuhuri kupitia mlango wa nyuma, akalala bila kuonwa na mtu.

Fundi redio alidhani baada ya hapo mkewe angemwelewa. Alikosea. Usiku huo walilala nyumbani kwa wifi, mtaa wa pili, na mjalidi hakumtazama mikono, jambo ambalo kwa mtu kama yeye ni sawa na kufunga mlango kwa kufuli. Asubuhi ndipo aliposema.

"Ulinificha kwa sababu sisikii."

"Nilikuficha kwa sababu nilisikia. Ningekwambia nini? Kwamba nimekusikia ukifa?"

"Ndiyo. Ungeniambia hivyo hivyo. Tungegonga milango siku hiyo hiyo, na hakuna ambaye angelala chini ya kifusi."

Mume alilikubali kosa, akaahidi kumweleza tangu hapo kila atakachokisikia. Hilo ndilo lililomlainisha kidogo.

Wahandisi walisema lile duka lililobomolewa ukuta wa ndani liliondoa kilichobeba nyumba za juu yake. Walisema jengo lenye uzito usio mahali pake hujinyonga polepole, likitoa mitetemo ambayo binadamu hawezi kuisikia na samaki wanaweza. Maelezo hayo yalimtosha mwenye jengo, aliyekuwa na mambo mengine ya kujibu. Kuhusu rekodi hawakuulizwa, na hakuna aliyewaambia; kompyuta ilibaki huko chini pamoja na kila kitu.

Walimtembelea muuguzi hospitalini, wifi akiwa mkalimani. Alikuwa amelala mguu umening'inizwa, akafurahi kuwaona, akataka kumshika mjalidi mkono na hakuuachia.

"Nilikunywa maji yako," alimwambia. "Kiu ilikuwa imenikaba, midomo imejaa vumbi. Kisha yakaanza kudondoka usoni mwangu. Yalikuwa na ladha ya majani. Nikafungua mdomo." Akagusa shavu kwa mkono wa pili. "Kitu cha baridi kiliniangukia shavuni pia, kikatembea. Nikajiambia nisiogope, ni machozi yangu. Lakini machozi hayana mkia. Kilitembea, halafu kikatulia."

Mjalidi alilia wakati huo, kwa mara ya kwanza, kwa ajili ya samaki. Alipojifuta, akamwomba wifi amuulize muuguzi kama alisikia mlango ukigongwa.

"Kugongwa, hapana. Huwa naziba masikio kwa pamba, la sivyo silali. Nilisikia ukiniita. Niliamka, nikasimama chini ya kizingiti cha mlango, na kizingiti ndicho kilichoniokoa, wameniambia."

"Ulisikiaje sauti na usisikie ngumi?" fundi redio aliuliza.

Muuguzi alimtazama yeye, kisha mkewe. "Haikutoka mlangoni," alisema. "Ilitoka ukutani, juu ya kitanda. Na siku ile haikuwa ya kwanza. Wiki nzima nilikuwa naamka mchana nikidhani naota. Mara ya mwisho ndiyo niliyoamua kuondoka kitandani."

Wifi alitafsiri polepole, na alipomaliza hakuongeza mzaha. Muuguzi aliushikilia mkono wa mjalidi mpaka mhudumu alipoleta dawa.

Sasa fundi redio na mkewe wanaishi kwenye nyumba isiyo na ghorofa, yenye ua mdogo wa saruji. Mjalidi amejenga tangi jingine. Safari hii hakuliegemeza popote; limekaa katikati ya sebule, na mumewe hujigonga nalo nyonga akipita na kulalamika. Wifi, kila akija, hulizunguka akisema ni nyumba ya kwanza kuiona ambamo samaki wamepewa uwanja na wenye nyumba wanabanana pembeni. Mimea ilitangulia, maji yakakomaa, na mwezi uliopita wakaingia kambare watano wenye masharubu ambao bado ni waoga na hujificha chini ya jani akipita mtu.

Mume ameshika ahadi yake. Humweleza mkewe kila anachokisikia. Paka juu ya bati. Jirani anagombana na jenereta lake. Mbwa amepiga chafya. Mikono haitulii, wakati wa kula, wakati wa kupiga pasi, mpaka siku moja mjalidi alimshika viganja vyote viwili akavibana pamoja.

Alipomwachia, alimwambia, "Hayo mengine baki nayo."

"Nitajuaje yapi ya kubaki nayo?"

Alifikiri. Kisha akamwambia amalizie la yule mbwa.